Kamisheni jeshini ni nini? Safari ya Jenerali Musuguri

Mara kwa mara taarifa ya habari humwonyesha Rais wa Tanzania akitunuku kamisheni kwa maofisa wanafunzi wa Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli. Vijana wanavalishwa nyota, wazazi wanapiga vigelegele, na sisi watazamaji tunasema wamepandishwa cheo. Cheo wamepewa kweli, cha Luteni Usu. Lakini kilichotangulia ni kamisheni, yaani idhini ya mkuu wa nchi, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, kwamba kuanzia siku hiyo mtu huyu anaamuru askari kwa niaba ya dola. Vyeo vitakuja na kupita, luteni, kapteni, meja na kuendelea. Kamisheni kwa kawaida hupewa mara moja tu.

Mstari wake unauona kwenye sare. Koplo na sajenti wana tepe mkononi. Nyota za begani ni za wenye kamisheni. Katikati ya makundi hayo mawili wapo maofisa wateule, walio juu ya sajenti lakini hawana kamisheni, watu waliokula chumvi nyingi kambini, ambao kuruti anawaogopa kuliko anavyomwogopa jenerali. Hata hivyo ofisa mteule mwenye mvi humpigia saluti Luteni Usu aliyehitimu jana. Anayeona hapo mzee anadharauliwa hajaelewa: saluti ile inaielekea kamisheni, na umri wa aliyeibeba hauhusiki.

Maisha ya David Musuguri, mkuu wa zamani wa majeshi ya Tanzania, yanaonyesha mstari huo vizuri kuliko kanuni yoyote, kwa sababu aliuvuka kutoka chini kabisa. Alizaliwa Butiama mwaka 1920, akaingia King's African Rifles, KAR, jeshi la Waingereza katika makoloni ya Afrika Mashariki, mwaka 1942 kama askari wa kawaida. Alipigana Madagascar wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akawa sajenti na mkufunzi kambini Kahawa, Kenya. Kwa Mwafrika wa wakati ule, hapo palikuwa karibu na dari. Kamisheni ya Mfalme wa Uingereza, baadaye ya Malkia, ilikuwa ya Waingereza.

Miaka ya 1950 wakoloni walibuni njia ya katikati, cheo cha effendi. Walipewa Waafrika waliotumikia muda mrefu, na Musuguri alikuwa miongoni mwao. Idi Amin naye alikipata huko Uganda mwaka 1959. Effendi alikuwa juu ya sajenti wote, ila hakulingana na Mwingereza mwenye kamisheni, hata yule mdogo kabisa. Kwa maoni yangu ilikuwa heshima iliyopimwa kwa kijiko. Uhuru ulipokaribia mpango huo ukaachwa, na waliokuwa maeffendi wakaanza kupewa kamisheni kamili.

Januari 1964 ndipo maana ya kamisheni ilipojaribiwa. Askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika baada ya uhuru, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Uasi ukafika kambi ya Kalewa, Tabora, alipokuwa Musuguri, wakati huo akiwa luteni. Waasi wakamtangaza kuwa meja! Cheo hicho hakikuwa na uzito wowote, kwa kuwa askari hawawezi kumpa mtu mamlaka ya kuamuru, hata wakimpenda vipi na hata wakiwa wengi namna gani. Mamlaka hayo yanatoka kwa dola. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Musuguri akaendelea kupanda ngazi humo kwa njia halali.

Katika Vita vya Kagera, dhidi ya Uganda ya Idi Amin, alikuwa Meja Jenerali. Mapema mwaka 1979 alikabidhiwa Divisheni ya 20, iliyopigana Lukaya, ndani ya Uganda, mwezi Machi na kuiteka Kampala mwezi Aprili. Mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi hadi alipostaafu mwaka 1988. Hapa watu huchanganya tena: Mkuu wa Majeshi ni wadhifa, Jenerali ni cheo. Wadhifa unakabidhiwa kwa mwingine siku ya kustaafu, cheo unaondoka nacho. Ndiyo maana hadi anafariki Oktoba 2024, akiwa na miaka 104, aliitwa Jenerali mstaafu, wakati wadhifa wake wa zamani ulikuwa umeshapita kwa wakuu kadhaa.

Nishani nazo ni habari nyingine, ingawa kwenye habari zinatumia kitenzi kilekile cha kutunuku. Nishani inatambua jambo lililokwisha kufanyika: ushujaa, kushiriki vita fulani, au utumishi mrefu wenye tabia njema. Haimwongezei mtu hata askari mmoja wa kumwamuru. Sajenti aliyepigana Kagera angeweza kuwa na kifua kilichojaa nishani na bado akapokea amri kutoka kwa luteni asiye na hata moja. Kwa hiyo ukisoma kwamba ofisa fulani ana nishani nyingi, umejua alikopita na alichofanya. Anaamuru nani, hilo uliza cheo chake na wadhifa wake wa sasa.