Jamani, huko chini hakuna mzizi

Wiki iliyopita tena. Dereva wa matatu za Rongai, ameshakatwa mara tatu kwa pilonidali sainasi, yaani kijia cha usaha chini ya ngozi ya mfereji wa makalio, amelala kwa tumbo hapo kwa kitanda ananiambia, daktari safari hii toa mzizi wote, wale wengine waliuacha. Huu mzizi nimeusikia mpaka nimechoka.

Pilonidali sainasi si mti, ni nywele. Nywele zilizodondoka, hata za kichwani, zinateleza hadi kwa mfereji wa makalio, na huko ni jasho na msuguano siku nzima, basi zinajidunga kwa ngozi, mwili unakasirika, usaha unajichimbia vijia. Sasa ukichimba shimo kubwa alafu ushone palepale katikati umesaidia nini? Mfereji ni uleule wenye kina, na ndani yake umeweka kovu jipya, laini, linalongoja nywele. Karydakis, daktari wa jeshi la Ugiriki aliyepasua maelfu ya wanajeshi, alipigia kelele jambo hili miaka mingi: mshono usikae katikati, usogezwe kando, na mfereji upungue kina. Hiyo ndiyo kazi ya flepu, kipande cha ngozi na mafuta kinachosogezwa kutoka kando kuziba pengo. Kuna aina inayoitwa ya Limberg, hapo tunakata umbo la almasi, pembe 60 na 120, alafu ngozi ya kalio la kando pamoja na mafuta yake inazungushwa kuziba pengo. Hatujachimba zaidi, tumebadilisha umbo la mahali!

Ati nyama inatolewa pajani? Hapana, huko ni kupandikiza ngozi. Flepu inabaki imeshikana na mwili, inakunywa damu yake yenyewe, ndio maana nikisikia harufu ya sigara kwa mgonjwa wangu tunakosana, sigara inabana mishipa na ncha ya flepu inakufa.

Ati jipu likitumbuliwa umepona. Usaha umetoka, vishimo vya ngozi zinamoingilia nywele bado viko.

Ati ni uchafu. Hapana, ni kukaa na msuguano. Kwa wanajeshi wa Marekani kwenye Vita vya Pili vya Dunia uliitwa ugonjwa wa jeep, vile walikuwa wanakaa kwa gari wakirushwarushwa, waulize watu wa boda.

Na si kila mtu ni flepu, kishimo kimoja kisichosumbua siwezi kukuingiza thieta nacho.

Dereva wangu alisikiza yote, akaelewa, akakubali kutokalia makalio wiki mbili. Akiwa mlangoni akageuka: "Lakini daktari, ukiupata huo mzizi utaniwekea kwa chupa niuone?"