Ng ya tango, siyo ya ng'ombe

Maembe yameanza kuiva hapa Tabora. Juzi nilikaa na wanafunzi wa kidato cha pili chini ya mwembe wa shule, nikawataka walitamke neno *mango*. Wengi wakasema "mang'o". Walikuwa wametoka kujifunza *singer*, lenye ng' ya ng'ombe, wakadhani ng ya Kiingereza ni hiyo hiyo popote.

Sivyo. *Singer* ni kitenzi *sing* kilichoongezwa -er, na ng' yake hubaki ilivyo. *Mango* ni neno zima, kama *finger*, na ndani yake g inasikika wazi. Nikawaambia: semeni tango. Wakasema. Basi ng ya *mango* ndiyo hiyo! Inaniuma mtoto anapofundishwa sauti hii kama kitu kigeni, ilhali anaitamka sokoni kila siku.

Kinachohitaji mazoezi ni irabu. Ile ya kwanza iko kati ya a na e. Ya mwisho haitulii kama o yetu, huteleza kuelekea u. Mkazo uko mwanzoni, kama katika tango. Kamusi za Kiingereza hukata *man-go*, kwa kuwa silabi zao hufungwa na konsonanti bila shida. Sisi hukata ta-ngo, silabi ibaki wazi.

Asili ya neno *mango* ndiyo inayonifurahisha zaidi. Waingereza walilipata karne ya 16 kupitia Kireno, *manga*, na Wareno walilitoa pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa India. Kitamil, lugha ya kusini mwa India, husema *maangaai*: *maa* ni mwembe, *kaai* ni tunda bichi. Safari ya meli ilikuwa ndefu na tunda lingeoza, kwa hiyo Uingereza ililifahamu kwanza likiwa achari. Ndiyo maana hata matunda mengine yaliyotiwa siki na viungo yakaja kuitwa *mango*, na sehemu za Ohio, Marekani, wapo wazee wanaoiita pilipili hoho hivyo.

Nikawaeleza pia wanafunzi wangu kuhusu Kimalayalam, lugha ya Malabar yenyewe. Humo g ilimezwa zamani, na leo watu wa huko wakitaja embe husema *maang'a*, kwa ng' ya ng'ombe. Binti mmoja aliyekuwa amesema "mang'o" akaomba nimwandikie neno hilo kwenye daftari.