Wa majengo kapitisha, wa zimamoto kakataa

Jumuiya zetu hapa Marekani zikishachangishana fedha, kitu cha kwanza zinachotafuta ni ukumbi. Mara nyingi kinachopatikana ni ghala la zamani pembeni ya mji: kodi nafuu, maegesho tele. Jumapili ni ibada, Jumamosi linakodishwa kwa harusi. Kazi yangu ni kupitia michoro ya mabadiliko ya namna hiyo kabla ya kuombewa kibali, na hapo ndipo ninapowakuta wakaguzi wawili wakivutana. Wa majengo amepitisha, wa zimamoto amekataa, na viongozi wa jumuiya wako katikati huku kodi ya pango ikilimbikizana.

Watu hudhani wakaguzi hao wanagombea ukubwa. Wapo wa hivyo, sikatai. Lakini mara nyingi wanabishania matumizi ya jengo, wala hawajui kwamba ndicho wanachobishania.

Chukua ukumbi wenye futi za mraba 2,000 za kukaa watu. Majimbo mengi yanafuata vitabu viwili vya kanuni vya International Code Council (ICC), shirika linaloandika kanuni za ujenzi: IBC ya majengo na IFC ya moto. Ukipanga viti bila meza, kila mtu anahesabiwa futi za mraba 7, kwa hiyo ukumbi unabeba kama watu 285. Ukiweka meza, kila mtu anahesabiwa 15, wanabaki 133. Sasa njoo kwenye sprinkla, yale mabomba ya darini yanayomwaga maji moto ukiwaka. Nyumba ya ibada iko kundi A-3, ambako idadi inayolazimisha sprinkla ni 300. Ukumbi wa karamu uko A-2, na huko zinalazimishwa watu wakifika 100. Kwa hesabu hiyo waumini 285 wanaweza kusali bila sprinkla, lakini wageni 133 wa harusi hawawezi kula pilau bila hizo. Wateja hunitaka nisome upya. Nasoma, na ndivyo ilivyo.

Sababu ipo. Kwenye karamu kuna pombe, taa zimepunguzwa, muziki uko juu, na wageni wanaujua mlango mmoja tu, ule walioingilia. Tarehe 20 Februari 2003, katika klabu ya The Station huko West Warwick, Rhode Island, fataki za bendi ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kuzunguka jukwaa. Wengi walikimbilia mlango wa mbele, wakabanana pale pale. Walikufa watu 100. Jengo halikuwa na sprinkla. Kabla ya moto huo kiwango cha A-2 nacho kilikuwa 300.

Kifungu chenyewe cha sprinkla, 903, kinataja idadi zile zile katika vitabu vyote viwili, kwa hiyo hapo hakuna cha kugombania. Ugomvi uko kwenye kifungu 303 cha IBC, kinachopanga makundi. Mkaguzi wa majengo amesoma fomu iliyoandikwa "kanisa". Wa zimamoto ameona tangazo la kukodisha ukumbi kwenye Facebook. Kulipangia jengo kundi kwa kawaida ni kazi ya wa majengo, ila akishatoa cheti cha kuanza kulitumia, hana sababu kubwa ya kurudi. Mwenzake ndiye atakayerudi kukagua, tena ana mamlaka ya kusimamisha shughuli watu wakizidi. Ushindi wa kwenye fomu unaweza kufutwa Jumamosi saa nne usiku, keki haijakatwa.

Hila inayopendwa ni kuahidi kwamba siku za harusi hawatazidi watu 99. IBC inamruhusu mkaguzi wa majengo kukubali idadi ndogo kuliko ya hesabu. Wa zimamoto huijibu kwa swali moja: ukumbi huo huo una viti 285 Jumapili, nani atavitoa Jumamosi? Binafsi naona ana haki.

Kwa hiyo mimi huomba kikao kimoja, wote wawili mezani, kabla michoro haijakamilika. Napeleka mpangilio wa viti na wa meza, na orodha ya kweli ya shughuli za mwaka mzima, harusi na vilio vikiwamo. Wakikubaliana, naomba barua yenye sahihi zao zote mbili. Kubeba maneno kutoka ofisi hii kwenda ile, "mwenzako amesema sawa", kunawakorofisha zaidi, na mkaguzi aliyechokozwa hupekua hadi bawaba za milango.

Bodi ya rufaa ipo, lakini wengi huikimbilia wakidhani ni mahali pa kuomba huruma. Chini ya IBC haina uwezo wa kusamehe sharti. Inasikiliza kama kifungu kimetafsiriwa vibaya, kama hakihusiki, au kama umeleta njia nyingine iliyo sawa au bora zaidi.

Florida wameuandika mvutano huu wa wakaguzi kwenye sheria ya jimbo, kwa sababu kitabu chao cha moto kinatokana na NFPA, shirika jingine linaloandika kanuni za kujikinga na moto, na cha majengo kinatokana na ICC. Vikigongana, wakaguzi wawili wanatakiwa waafikiane kwa kufuata sharti linalolinda zaidi maisha ya watu, au mbadala wenye ulinzi sawa na huo. Wakishindwa, bodi ya mahali hapo inaamua kwa kipimo hicho hicho. Mwenye ukumbi anayekwenda kupinga sprinkla mbele ya bodi ya namna hiyo afadhali awe ameshapata bei ya mafundi mkononi.