Kwa nini mtoto asiyejua kusoma huona usichokiona wewe kitabuni?

Mwandishi na mchoraji Pat Hutchins alitunga kitabu kiitwacho Rosie's Walk ambacho hadithi yake nzima ni sentensi moja ya maneno 32. Kuku anatoka matembezini, anakatiza ua, anazunguka bwawa, anapita hapa na pale, kisha anarudi nyumbani kabla ya wakati wa chakula. Basi. Ukiisoma kwa sauti bila kutazama picha, utashangaa nani alikubali kuichapa.

Sasa mpe mtoto wa miaka minne kitabu hichohicho. Kabla hujamaliza ukurasa atakushika mkono: "Anakuja! Yuko nyuma yake!" Ni mbweha. Anamnyemelea kuku tangu mwanzo, na kila akimrukia anapatwa na balaa: anakanyaga reki inayompiga usoni, anatumbukia bwawani, anafunikwa na unga, mwisho anafukuzwa na nyuki. Kuku hageuki hata mara moja. Na katika yale maneno 32, neno mbweha halimo.

Mtoto amemwona mapema kwa sababu ya mahali macho yake yalipo. Watafiti wamewahi kuwasomea watoto wa umri wa chekechea huku vyombo maalumu vikifuatilia mwendo wa mboni zao, wakakuta kwamba karibu muda wote mtoto hutazama picha na maandishi huyagusa kwa nadra sana. Kwake herufi bado hazisemi kitu. Kwako ni kinyume chake: aliyekwisha kujua kusoma hawezi kulitazama neno asilisome, kwa hiyo jicho lako hukimbilia mstari kwanza, na picha huipata baadaye, kwa haraka, kama mapambo. Mtoto anapokea maneno kwa masikio, kwa hiyo macho yake yako huru. Wakati wewe unasoma mstari mmoja, yeye ameshapekua kona zote nne za ukurasa.

Hii ndiyo sababu watu wazima wengi hukosea wanapochagua vitabu vya picha. Tunafungua, tunasoma maneno, tunasema "kizuri" au "hakina kitu", na kumbe tumepima nusu tu. Njia ninayoiamini ni kufunika maandishi kwa kiganja na kupitia kitabu kizima kwa picha peke yake, polepole, hadi mwisho. Kisha urudi usome maneno bila kutazama picha. Ikiwa kila upande unajitosheleza kabisa, mmoja wao hauna kazi. Maneno yakisema "Alivaa kofia nyekundu akapanda mlima," na picha ikaonyesha mtoto mwenye kofia nyekundu akipanda mlima, mwandishi na mchoraji wamefanya kazi moja mara mbili. Lakini maneno yakisema "Hakuogopa hata kidogo," na picha ikaonyesha magoti yanayogongana, hapo pamezaliwa jambo la tatu, na mtoto ndiye analitambua.

Aliyefungua njia hii ya picha kusema yasiyosemwa na maneno ni Mwingereza Randolph Caldecott, mchoraji aliyefariki mwaka 1886. Mwaka 1882 alitoa kitabu chenye kishairi cha zamani cha watoto, ambacho mwisho wake ni kwamba sahani ilitoroka na kijiko. Kishairi kinaishia hapo. Caldecott akaongeza picha moja isiyo na maneno: sahani imelala chini vipande vipande, na kijiko kinaondolewa katikati ya uma na kisu, ambao kwa sura yao ya ukali ni wazazi wake. Msiba mzima, bila silabi moja. Mimi kila nikiikumbuka picha ile naona ndipo ilipoanzia imani kwamba mtoto anaweza kuachiwa sehemu ya hadithi aimalizie mwenyewe. Medali ya Caldecott, inayotolewa Marekani tangu mwaka 1938, imepewa jina lake, na hupewa mchoraji. Walioianzisha walielewa kwamba katika kitabu cha aina hii picha ina sauti yake.

Jambo la pili la kupima, na huenda hili ndilo gumu kuliko yote kulijenga, ni pale ukurasa unapofunuliwa. Huenda umewahi kuhesabu ukakuta vitabu vingi vya picha vina kurasa 32. Chanzo ni kiwanda. Karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili, kisha hukunjwa: mkunjo mmoja hutoa kurasa 4, miwili 8, mitatu 16, minne 32. Hesabu isiyolingana na mikunjo hiyo huacha karatasi ya kutupa. Ukiondoa kurasa za jina la kitabu na haki za uchapishaji, mwandishi na mchoraji hubaki na jozi 12 hadi 14 hivi za kurasa zinazotazamana. Kwa hiyo kila kufunua ni mali. Fundi huiweka siri mwisho wa ukurasa wa kulia: mlango unafunguka, mkono unaingia gizani, sentensi inaning'inia. Jibu liko nyuma ya karatasi. Ukitaka kujua kama kitabu kimefaulu hapa, tazama mkono wa mtoto. Kama unakwenda kwenye kona ya ukurasa kabla hujamaliza kusoma, mchoraji amefaulu.

Maurice Sendak aliitumia nafasi hii kwa namna isiyosahaulika katika Where the Wild Things Are ya mwaka 1963. Picha zinaanza ndogo, zimezungukwa na weupe. Kadiri chumba cha mvulana kinavyogeuka msitu, zinatanuka na kuyasukuma maneno pembeni, hadi zinakuja jozi tatu mfululizo ambamo hakuna neno lolote, ila mazimwi na mvulana wakicheza. Hapo ndipo mtu mzima hukosa cha kusoma, akafunua harakaharaka apate mstari unaofuata. Usifanye hivyo. Kurasa hizo ndizo kilele cha hadithi, na mtoto anazisoma.

Mengine ni mepesi kukagua. Uso wa mhusika usizame kwenye mshono wa katikati. Mwendo wa picha ufuate mwendo wa maandishi: katika lugha zinazosomwa kutoka kushoto kwenda kulia, anayeelekea kulia anakwenda mbele, anayeelekea kushoto anarudi au anazuia njia; kwa Kiarabu ni kinyume. Soma maneno kwa sauti kabla ya kununua, maana yameandikwa kwa ajili ya sikio. Ulimi ukijikwaa mara mbili, utajikwaa kila usiku. Vijilango vya kufunua na vitu vya kuvuta vina raha yake, lakini majaribio yameonyesha kwamba vinaweza kumpunguzia mtoto mdogo anachojifunza, kwa kuwa akili inahamia kwenye kuvuta.

Na kuna kurasa za mwisho zinazogeuka hotuba, zikimweleza mtoto funzo la hadithi aliyoisikia punde. Hizo zinaniuma. Baada ya jozi 13 za kumwamini, ya 14 inamnyang'anya alichokigundua.

Kipimo kikali zaidi ni kurudia. Mtoto atataka kitabu kilekile leo, kesho na kesho kutwa, na hilo si ukaidi. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex uliochapishwa mwaka 2011, watoto wa miaka 3 walisomewa hadithi zenye maneno mageni. Baadhi walirudiwa hadithi zilezile, wengine wakapewa tofauti tofauti, ingawa maneno hayo mageni waliyasikia mara sawa. Waliorudiwa ndio walioyashika vizuri. Ukijua tayari kinachofuata, akili inapata nafasi ya kutazama pembeni. Kitabu chenye kina hutoa kitu kipya mara ya kumi: panya nyuma ya pazia, saa ukutani inayosogea, kivuli kisicho cha mtu yeyote.

Kwa hiyo mnaposoma, usiugeuze ukurasa kuwa mtihani wa rangi na idadi ya tufaha. Uliza "unaona nini?" kisha unyamaze, hata ukimya ukirefuka. Na akiushika ukurasa akaurudisha nyuma, mwache. Anakwenda kuhakikisha kama mbweha alikuwapo tangu mwanzo.