Kikosi Namba 303: siri ya Wapolandi katika anga ya London, 1940

Kila ninapofundisha historia ya vita vya angani na kufika kwenye Kikosi Namba 303 cha Jeshi la Anga la Uingereza, kikosi cha marubani wa Kipolandi kilichoilinda Uingereza dhidi ya ndege za Ujerumani mwaka 1940, wanafunzi hunipa maelezo yale yale: Wapolandi waliwachukia Wajerumani mpaka hawakujali kufa, ndiyo maana waliwatungua kwa wingi. Sikubaliani nayo. Chuki walikuwa nayo, na sababu walikuwa nazo, lakini chuki haimfundishi rubani kulenga. Kilichowabeba ni mafunzo na mazoea ya vita, na ushahidi wake uko wazi kwa anayefuatilia safari yao tangu mwanzo.

Nembo ya kikosi hiki ni ya zamani kuliko kikosi chenyewe. Katika vita vya Poland na Urusi ya Kisovieti vya 1919 hadi 1921, marubani wa kujitolea kutoka Marekani, akiwemo Merian Cooper, walitumikia kikosi cha Kipolandi wakakipa jina la Tadeusz Kościuszko, yule jenerali aliyepigania uhuru wa Marekani kisha akarudi kwao kuongoza uasi wa 1794. Mmoja wao alichora nembo: nyota 13 na mistari ya bendera ya Marekani, kofia nyekundu ya wakulima wa Poland, na miundu mirefu miwili iliyopishana. Nembo hiyo ikarithiwa na kikosi kidogo cha ndege za kivita kilichoilinda Warszawa mwaka 1939, na kutoka hapo ikafika Uingereza.

Septemba 1939, Wajerumani walipoivamia Poland, marubani hao walirusha ndege ya kivita ya Kipolandi, PZL P.11. Ndege hiyo ilikuwa na chumba cha rubani kilicho wazi na magurudumu yasiyokunjwa, na mwendo wake haukufika kilomita 400 kwa saa. Messerschmitt 109 ya Mjerumani ilizidi kilomita 550. Nyingi ya P.11 hazikuwa na redio ya maana. Ukiwa na ndege kama hiyo huna mbio za kumkimbiza adui wala wa kukuonya kwamba yuko nyuma yako. Unabaki na macho yako, na unajifunza kuitafuta nukta angani kabla haijawa ndege. Unajifunza pia kwamba bunduki zako chache hazifanyi kitu mpaka umsogelee adui kabisa. Wengi wao walikuwa wamepita chuo cha marubani cha Dęblin, ambako mchujo ulikuwa mkali. Poland ilipoanguka wakatoroka kupitia Romania mpaka Ufaransa, na Ufaransa iliposalimu amri Juni 1940 wakavuka bahari tena.

Waingereza waliwapokea kwa mashaka. Kikosi kiliundwa Northolt, magharibi mwa London, tarehe 2 Agosti 1940, kikapewa ndege aina ya Hurricane na uongozi wa pande mbili: Ronald Kellett, Mwingereza, pamoja na Zdzisław Krasnodębski, Mpolandi. Makundi yake mawili yalishikwa na Mkanada John Kent na Mwingereza Athol Forbes. Kellett alielewana na watu wake kwa Kifaransa. Marubani walilazimika kujifunza maneno ya redio kwa Kiingereza, kusoma mwendo kwa maili na kimo kwa futi. Lililokuwa gumu zaidi ni mkono wa kuongezea nguvu ya injini: katika ndege walizozizoea ulivutwa nyuma, kwenye Hurricane ulisukumwa mbele. Fikiria mtu mwenye mamia ya saa angani anaambiwa mkono wake wa kushoto ufanye kinyume cha ulichozoea, na mara hii asisahau kushusha magurudumu kabla ya kutua. Kuna aliyetua kwa tumbo Agosti hiyo hiyo.

Tarehe 30 Agosti kikosi kilikuwa bado mazoezini. Ludwik Paszkiewicz akaona mapigano kwa mbali, akatoa taarifa kwa redio, hakujibiwa. Akatoka kwenye mpangilio, akaenda, akatungua ndege ya Kijerumani. Alikaripiwa na kupongezwa siku hiyo hiyo, na Kellett akaomba kikosi kiruhusiwe kupigana. Ruhusa ikaja, na kesho yake, 31 Agosti, marubani wa 303 wakarudi wakisema wametungua Messerschmitt sita.

Sasa nije kwenye mbinu, maana hapa ndipo penye jibu. Marubani wa Uingereza walifundishwa kuruka watatu watatu kwa umbo la V, wakiwa karibu karibu. Mpangilio huo unapendeza machoni, lakini wale wawili wa pembeni hutumia muda mwingi kumtazama kiongozi wao wasigongane naye, na anga inabaki haina mlinzi. Bunduki za Hurricane, nane kwa jumla, zilikuwa zimerekebishwa ili risasi zake zikutane mbali, karibu mita 350 mbele. Wapolandi waliona umbali huo ni wa kupoteza risasi. Wao walisogea mpaka chini ya mita 200, mara nyingine karibu zaidi, ndipo wakafyatua. Kwa umbali huo kosa dogo la kulenga linasameheka, na mfyatuo wa sekunde mbili unatosha kuvunja injini. Walishambulia kutoka juu kwa kupiga mbizi, wakiupasua mpangilio wa ndege za mabomu ili kila moja ibaki peke yake.

Stanley Vincent, mkuu wa kituo cha Northolt, hakuamini taarifa zao za ushindi. Akapanda ndege yake mwenyewe akawafuata kwa nyuma, akaona kwa macho yake jinsi walivyoteremka na jinsi ndege za adui zilivyoanguka. Hakutilia shaka tena.

Kwa siku 42, mpaka kilipohamishiwa Leconfield, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 11 Oktoba kupumzika, kikosi kilihesabiwa ushindi 126. Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Idadi hiyo ni ya madai yaliyokubaliwa wakati ule, na watafiti walipolinganisha na kumbukumbu za hasara za Wajerumani waliishusha mpaka chini ya nusu. Wapo wanaolitumia jambo hili kuwaita Wapolandi waongo, na hilo ni kuwaonea. Marubani watatu wakiipiga ndege moja katika purukushani ya sekunde chache, kila mmoja anaiona ikianguka kwa risasi zake. Ilitokea kwa vikosi vyote, vya Waingereza na vya Wajerumani. Hata ukipunguza kwa ukali kabisa, 303 inabaki miongoni mwa vikosi vilivyofanya vizuri kuliko vyote katika vita vile.

Aliyeongoza kwa idadi hakuwa Mpolandi. Josef František, Mcheki, alihesabiwa ndege 17 ndani ya mwezi mmoja tu. Hakupenda kukaa kwenye mpangilio. Aliachiwa awinde peke yake. Alikufa tarehe 8 Oktoba ndege yake ilipoanguka Surrey. Paszkiewicz alikuwa ameuawa tarehe 27 Septemba. Krasnodębski aliungua vibaya mapema mwezi huo, akatibiwa na daktari Archibald McIndoe, bingwa wa upasuaji wa ngozi.

Baadaye kikosi kilihamia kwenye Spitfire, na mwishoni kabisa kwenye Mustang. Miaka hiyo naipita haraka kwa sababu mambo mazito yalikuwa yanaamuliwa mezani. Katika mkutano wa washindi wa vita huko Yalta, Februari 1945, Poland iliachwa chini ya mkono wa Stalin, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti. Gwaride la ushindi lilipofanyika London tarehe 8 Juni 1946, marubani 25 wa Kipolandi waliopigana mwaka 1940 walialikwa. Walikataa, kwa kuwa wenzao wa majeshi mengine ya Poland hawakualikwa. Desemba mwaka huo kikosi kikavunjwa. Uamuzi ule wa mezani uliwagusa pia Wapolandi waliokuwa kambini Tengeru, karibu na Arusha. Walikuwa karibu 5,000, waliofukuzwa makwao na Wasovieti, na wengi hawakurudi tena Poland.

Marubani walitawanyika. Jan Zumbach, aliyewahi kuwa kamanda wa 303, alijikuta mwaka 1962 akiongoza ndege za Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, kama mamluki. Ndege nyingi za Katanga ziliteketezwa na ndege za Umoja wa Mataifa kwenye uwanja wa Kolwezi mwishoni mwa Desemba mwaka huo. Miaka mitano baadaye Zumbach alikuwa Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, akirusha ndege kuukuu ya mabomu. Kazi hiyo siitetei, na nimekataa kila mara kuisimulia kama ushujaa. Lakini ujuzi alioutumia kule ni ule ule alioupata Dęblin na Northolt.