Kilele chembamba kwenye seramu ya farasi

Daktari mwenzangu akinipigia simu kuhusu farasi mwenye gramu 110 za protini kwa lita ya seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda), najua swali linalofuata: je, ni saratani ya damu? Farasi mwenye afya huwa kwenye gramu 60 hadi 75 hivi, kwa hiyo hofu yake ina msingi. Hata hivyo humwambia atafute usaha kwanza. Jipu lililojificha tumboni, nimonia iliyofika kwenye utando wa mapafu, minyoo ya muda mrefu, ini lililoharibika, na penye mbung'o, nagana: yote haya hupandisha globulini, kundi la protini zenye kingamwili ndani yake, na yote huonekana mara nyingi kuliko mieloma, saratani ya seli za plazma zinazotoa kingamwili.

Kinachotenganisha saratani na maambukizi ni umbo la protini hizo zinapotandazwa kwa elektroforesi. Wingi wake peke yake hausemi kitu. Seramu huwekwa kwenye jeli, umeme ukapitishwa, kila protini ikaenda kwa kasi ya chaji yake. Albumini hutangulia, kisha alfa, beta, na mwisho gama. Mgawanyo huu ulianzia kwa farasi mwenyewe: Arne Tiselius wa Uppsala, Sweden, alipotangaza chombo chake mwaka 1937 seramu aliyoipima ilikuwa ya farasi, na kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1948.

Farasi anayepambana na vijidudu huamsha koo nyingi za limfosaiti B, chembe nyeupe zinazozaa seli za plazma, kila ukoo na kingamwili yake. Kwenye mchoro hutokea mwinuko mpana wenye mabega. Seli moja ya plazma ikigeuka saratani na kuzaana bila kikomo, vizazi vyake vyote hutoa kingamwili ileile, chaji ileile, uzito uleule. Molekuli hizo zote husimama mahali pamoja, nasi tunaona kilele kirefu chembamba. Hiyo ndiyo paraprotini. Kwa muundo ni kingamwili kamili au kipande chake, ila haimkingi farasi na lolote, na wakati huohuo kingamwili halali hupungua. Ndiyo maana farasi mwenye globulini tele anaweza kufa kwa nimonia.

Mieloma ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, lakini baadhi ya limfoma (saratani za limfosaiti) za seli B nazo hutoa kilele hicho. Tukumbuke pia kwamba kwa farasi limfoma ndiyo saratani ya kawaida zaidi katika kundi hili. Mieloma ni nadra.

Sasa nije kwenye kinachonikera: watu kusoma damu ya farasi kwa kanuni za binadamu. Kwenye slaidi ya mtu, chembe nyekundu zilizopangana kama rundo la sarafu hutushtua, maana huashiria protini kuzidi. Farasi mzima kabisa chembe zake hupangana hivyo kila siku. Kalsiamu nayo: ya farasi kwa kawaida iko juu kuliko ya mtu au mbwa, na ikizidi kiwango chake mwenyewe, figo huulizwa kabla ya saratani. Ni kweli saratani huweza kuipandisha, lakini kipimo kisome kwa viwango vya farasi.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye eneo la beta. Binadamu ana aina nne za IgG, kingamwili iliyo nyingi zaidi kwenye damu; farasi ana saba. Mbili kati yake, IgG3 na IgG5, zamani ziliitwa kwa pamoja IgG(T), herufi T ikitokana na jina la Kilatini la pepopunda, tetanus, kwa sababu zilijaa kwenye damu ya farasi waliochanjwa ili watoe dawa ya ugonjwa huo. Hizi husafiri hadi beta, au katikati ya beta na gama. Anayechungulia gama peke yake ataikosa paraprotini ya aina hii. Na kwa upande wa pili, minyoo midogo ya utumbo mpana huinua beta hiyohiyo, ingawa mwinuko wake si mkali.

Halafu kuna kosa la chupa. Ukiniletea plazma, yaani majimaji ya damu iliyozuiwa kuganda, badala ya seramu, faibrinojeni, protini ya kugandisha damu, huchora kilele chembamba kizuri mno karibu na mpaka wa beta na gama, na farasi wako atapewa saratani asiyokuwa nayo. Damu iliyopasuka chembe pia huchafua mchoro. Acha damu igande kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, kisha utenge seramu.

Mkojo una ukorofi wake. Baadhi ya mieloma humwaga minyororo myepesi, vipande vidogo vya kingamwili, ambayo figo huipitisha, protini za Bence Jones, zilizopewa jina la tabibu wa London aliyezieleza miaka ya 1840. Kijiti cha kupimia mkojo huitambua albumini, si hizo. Na kwa kuwa mkojo wa farasi ni wa alkali, kijiti hichohicho huweza kuonyesha protini isiyokuwepo. Unahitaji elektroforesi ya mkojo. Uwiano wa kapa na lamda, aina mbili za minyororo hiyo, unaotumika hospitalini kwa watu uache kabisa: minyororo myepesi ya farasi ni lamda karibu yote. Dawa za maabara za kutambua aina ya paraprotini nazo ziwe zimetengenezwa kwa farasi.

Kipimo cha IgM (aina nyingine ya kingamwili) iliyoshuka kama dalili ya limfoma bado naombwa kukifanya. Sikipendi. Farasi wengi wenye limfoma wana IgM ya kawaida, na wengi wenye IgM ya chini hawana limfoma.

Kilele kikithibitika, uboho huchukuliwa, mara nyingi kwenye mfupa wa kidari, kutafuta seli za plazma zilizozidi au zenye sura mbaya. Picha ya eksirei husaidia ikionyesha matundu kwenye mifupa. Isipoonyesha haimwachii farasi huru, kwani mwili wake ni mnene na mifupa ya kiwiliwili haionekani vizuri. Saisi kwa kawaida huwa ameona mengine: kukonda, homa inayorudi, miguu kuvimba, pengine damu puani, maana paraprotini huzuia chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zisifanye kazi na ikizidi sana huifanya damu kuwa nzito.

Matibabu ya melfalani, dawa ya saratani, pamoja na prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, yamejaribiwa. Matarajio si mazuri, na prednisoloni kwa farasi huambatana na hofu ya ugonjwa wa kwato. Mwenye farasi aambiwe hivyo kabla ya kununua dawa.

Mchoro ukiwa wa kati, kilele kidogo kikiwa juu ya mwinuko mpana, sitoi hukumu. Maambukizi yatibiwe, minyoo itolewe, kisha niletewe seramu nyingine baada ya wiki kadhaa. Mwinuko wa maambukizi hupungua polepole, ila kilele cha ukoo mmoja hubaki palepale au hurefuka.