Koboko: nyoka, mji na mjeledi

Koboko ni nyoka wa Afrika mwenye sumu kali, mrefu na mwembamba, ambaye siku hizi wengi wanamjua kwa jina la "mamba mweusi". Jina hilo la pili lina asili kwa Wazulu, wanaowaita nyoka wa jamii hiyo imamba. Waingereza walilichukua kwao, nasi tukalitafsiri kutoka Kiingereza bila kukumbuka kwamba kwetu mamba ni mnyama wa mtoni. Mtoto akisoma kwamba mamba mweusi amepanda mti, ana haki ya kushangaa. Koboko limo katika kamusi zetu na linatosha. Lingerudishwa vitabuni na kwenye habari, tungeelewana zaidi.

Hata huo weusi haumo mwilini. Koboko ana rangi ya kijivu, au kahawia inayokaribia zaituni. Cheusi ni kinywa chake kwa ndani: akibanwa huinua kichwa, hutanua shingo kidogo na kuachama, ndipo weusi unapoonekana. Wengi hufikia mita 2 hadi 3, na wachache hukaribia 4. Hukaa kwenye vichuguu, mapango ya miti na nyufa za miamba, akila panya, pimbi na ndege. Akipata njia ya kukimbia, hukimbia. Sumu yake hulemaza mishipa ya fahamu: kope hulegea, ulimi huwa mzito, kisha misuli ya kupumulia hushindwa. Aliyeumwa asichanjwe kwa wembe wala kidonda kisinyonywe, na asifungwe kamba ya kukata damu. Atulizwe, asitembezwe ovyo, akimbizwe hospitali mara moja.

Ukikutana na Koboko kwa herufi kubwa katika habari za Uganda, huo ni mji na wilaya katika eneo la Nile Magharibi, karibu na pale mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inapokutana. Wilaya ilimegwa kutoka Arua mwaka 2005. Ni nchi ya Wakakwa, kabila la Idi Amin kwa upande wa baba, na Kiswahili husikika huko pamoja na Kikakwa, Kilugbara na Kinubi. Kikakwa si lugha ya Kibantu, kwa hiyo jina la mji lisifasiriwe kwa Kiswahili chetu.

Nigeria nako, koboko ni mjeledi wa ngozi ya ng'ombe, ule ambao mzazi mkali au askari hutishia nao watu. Watazamaji wa filamu za Kinigeria huku kwetu hulisikia wakadhani ni kiboko limetamkwa vibaya, maana kwetu kiboko ni cha kuchapia pia. Huko ndivyo linavyosemwa, na mtafsiri wa filamu aseme tu "mjeledi", asije akamtia mtazamaji hofu ya nyoka ambaye hayumo.

Katika sentensi ya Kiswahili, upatanisho wa ngeli humaliza utata. Nyoka ni kiumbe: koboko amepita, mayai ya koboko huyu, koboko wawili wameuawa shambani. Mji huchukua "i": Koboko iko mpakani, Koboko imekua. Anayeandika "koboko imeonekana karibu na shule" amewaacha wazazi wakikisia.